Kengele imelia kwenye 75, mfupani bado damu: ncha ya sindano ilikuwa wapi?

Mleta mada, pole sana kwa yaliyokukuta siku ya Iddi. Umesema ulinunua oveni ya umeme yenye feni, ikaja na sindano yake ya kupimia joto la nyama. Ukaweka paja la mbuzi la kilo mbili na nusu kwenye nyuzi 220, ukaiseti sindano ipige kengele ikifika 75, nayo ikapiga baada ya dakika 50 tu. Nje paja limekuwa jeusi, ulipokata kufika mfupani damu ikachuruzika huku wageni wameshakaa. Sasa unauliza kama kifaa ni kibovu ukirudishe dukani.

Usikirudishe kwanza. Mimi yalinikuta hayohayo hapa Arusha, siku ya ubarikio wa binti yangu. Nilikuwa na mapaja matatu ya mbuzi, oveni mpya, na imani yote nimeiweka kwenye ile kengele. Ilipolia nikatoa, nikakata mbele za watu, na nyama ya mfupani ikawa mbichi. Shangazi zangu walibeba sahani zikarudi jikoni kimyakimya, nyama ikakatwakatwa ikamaliziwa kwenye sufuria. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa wiki nzima.

Wageni walipoondoka nilichukua paja moja lililobaki nzima, nikalipasua kwa kisu chembamba nikifuata tundu la sindano. Tundu lilianzia upande mnene, likapita juu ya mfupa, likaenda kuishia upande wa pili, chini kidogo ya ngozi. Kati ya ncha na hewa ya oveni palibaki nyama isiyozidi unene wa kidole. Pale tundu lilipoishia nyama ilikuwa ya kijivu, imekauka kabisa. Sentimita tatu pembeni, jirani na mfupa, ilikuwa ya waridi na inang'aa. Kwa hiyo sindano ilisema kweli: pale ilipokuwa, palikuwa na nyuzi 75. Mimi ndiye niliyeichomeka pasipo.

Watu wengi hawaambiwi hili wakati wa kununua. Sindano haipimi urefu wake wote. Kinachopima kiko kwenye ncha, sentimita moja au mbili za mwisho. Paja la mbuzi si nene kama paja la ng'ombe, na sindano nyingi ni ndefu kuliko paja lenyewe lilivyo nene. Ukiichomeka mpaka mwisho, umeshapitiliza.

Ninavyofanya siku hizi: naiweka sindano juu ya paja kwa nje kwanza, naangalia unene wa sehemu iliyojaa, nashika kwa kidole pale inapotakiwa kuishia ili ncha ikae katikati. Kisha naingiza kwa ubavuni. Nikihisi imegota mfupa narudisha nyuma upana wa kidole, maana mfupa haupitishi joto kama mnofu na utakupa namba ya uongo. Kwenye mafuta hivyohivyo, na kwenye ule uwazi unaotenganisha msuli na msuli. Kengele ikilia sitoi nyama. Navaa glavu ya oveni, naivuta sindano taratibu, kama nusu sentimita kila mara, nasubiri namba itulie. Utaona inashuka, kisha inaanza kupanda tena. Ile ya chini kabisa ndiyo katikati ya nyama yako. Siku ya ubarikio kama ningefanya hivyo ningeona labda 50, ningefunga mlango wa oveni na kuendelea.

Sasa tuje kwenye hizo nyuzi 220. Hapo ndipo weusi ulipotoka. Hewa iliyotulia ndani ya oveni inaacha utando wa hewa yenye ubaridi na unyevu kuzunguka nyama. Feni inaupeperusha huo utando muda wote, kama upepo unavyokausha nguo kambani kuliko jua lisilo na upepo. Ndiyo maana mapishi yaliyoandikwa kwa oveni ya kawaida unapunguza kama nyuzi 20 ukiwasha feni. 220 ya feni kwa paja zima, mwanzo mpaka mwisho, ni kali mno: nje panaungua kabla joto halijasafiri kufika katikati. Na kama paja lilitoka kwenye friza na katikati bado lina barafu, ndiyo kabisa. Mimi naoka kwa 150 na feni, nyama iko juu ya wavu, chini trei yenye vikombe viwili vya maji ili mafuta yanayodondoka yasiungue na kujaza moshi nyumba nzima. Usiiweke kwenye sufuria yenye kuta ndefu, utakuwa umeukinga upepo ulioulipia.

Kabla hujaamini namba yoyote, pima sindano yenyewe. Jaza kikombe vipande vya barafu, ongeza maji kidogo, koroga, chovya ncha bila kugusa kikombe: isome 0 au karibu sana na hapo. Kisha maji yanayochemka. Hapa nawaomba wenzangu wa mikoa ya juu msikilize. Maji yanachemka kwa 100 Dar, Tanga na Mombasa, lakini yanapoteza takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Arusha ni kama 95, Nairobi na Mbeya 94 hivi. Nimeshamwona mtu anatupa sindano nzima kwa sababu ilisoma 94 kwenye maji yanayotokota.

Lingine ni kwamba hata ungeipata 75 ya kweli, huenda paja lako lingekuwa salama lakini gumu. Namba za usalama zinajulikana. Wizara ya Kilimo ya Marekani inasema 63 kwa nyama nzima ya ng'ombe, mbuzi, kondoo au nguruwe, kisha ipumzike angalau dakika tatu. Nyama ya kusaga 71, kuku 74. Hizo ni za kuua vijidudu. Ulaini ni habari nyingine. Mbuzi wetu wa mnadani ametembea, ana umri, ana mishipa na ngozingozi kati ya misuli. Vile vitu haviyeyuki kwa 75. Vinaanza kulegea vizuri ukivuka 80, na vinahitaji muda huko juu. Ndiyo maana paja la mbuzi mkubwa, bega na shingo mimi nazipeleka hadi 90 au 92. Beberu mdogo wa miezi michache anaweza kuishia 75 akaliwa vizuri. Sarara ya ng'ombe ni kinyume kabisa, haina cha kuyeyusha, ukiipeleka 80 unakula kamba. Hiyo naitoa kwenye 60, inajipandisha yenyewe nyuzi tatu au nne ikiwa imefunikwa mezani. Wageni wasiotaka kuona wekundu nawatolea kwenye 67.

Na wekundu wenyewe si damu, kwa wanaoogopa. Damu ilishatoka wakati wa kuchinja. Ni maji ya nyama yenye rangi yake ya asili, na rangi hiyo haikuambii kama nyama imeiva. Kuku mdogo anaweza kuwa na wekundu mfupani hali amevuka 80. Amini ncha iliyokaa mahali pake.

Kitu kitakachokutisha mara ya kwanza: ukifika kama 68 au 70, namba inasimama. Dakika ishirini, thelathini, haisogei. Nyama inatoa jasho, lile jasho linakauka kwa upepo wa feni na kuipoza, kama wewe unavyopozwa ukitoka kuoga. Usipandishe moto kwa papara. Hapo mimi nalitoa paja, nalifunga kwa foili mara mbili pamoja na vijiko vitatu vya maji na vitunguu saumu vilivyopondwa, narudisha sindano kwa kuitoboza foili juu. Jasho halina pa kukaukia, namba inaanza kupanda tena. Paja kama lako, kilo mbili na nusu, linanichukua karibu saa tatu mpaka 90. Kisha nafungua foili, yale maji nayahifadhi yawe mchuzi, napandisha oveni 220 kwa dakika kumi tu ngozi ishike rangi. Hapo ndipo hiyo 220 yako ina kazi. Umeme kwangu ni yuniti mbili hadi tatu za LUKU kwa paja moja, kwa hiyo nikiwasha naoka mawili, nayaachia nafasi upepo upite katikati.

Chumvi naipaka usiku wa kuamkia, gramu 12 hivi kwa kilo, na tangawizi na saumu. Ndimu naiweka mwishoni. Papai bichi wanalolitumia watu wa Pwani kwenye mishkaki ni zuri kwa vipande vidogo, ila kwenye paja zima linalainisha juu tu mpaka panakuwa kama uji na ndani hapajaguswa. Asubuhi nalifuta paja likauke kabla ya kuingia, kwa sababu nje kukiwa na maji oveni inaanza kwa kuyakausha kwanza.

Na mbuzi wa Iddi, mleta mada, alichinjwa saa ngapi? Hukusema. Nyama ikichinjwa asubuhi na kuokwa mchana inakukuta imekakamaa, hata namba ziwe sahihi vipi. Ukiweza, ikae kwenye friji siku moja au mbili. Mwaka huu mimi nachinja juzi yake, nabakiza maini na supu kwa ajili ya siku yenyewe.

Waya wa sindano usiubane kwa nguvu mlangoni wala kuupitisha karibu na koili ya juu, na kile kichwa kinachochomekwa kwenye oveni usikitumbukize kwenye maji unapoosha. Nimeharibu mmoja kwa njia hiyo.

Fanya kipimo cha barafu na cha maji ya moto leo jioni, uandike hapa umesoma ngapi na uko mkoa gani. Na kama kuna kipande cha paja kimebaki, kipasue ufuate tundu, utuambie liliishia wapi.