Niandae hati zipi kabla ya kufungua shauri la talaka?

SWALI: Shikamoo wakili. Ninaishi Mafinga, wilayani Mufindi. Nilifunga ndoa ya kanisani mwaka 2013, tuna watoto wawili na shamba la misindano ambalo hati yake ina jina la mume wangu. Amehamia kwa mwanamke mwingine katika kata hiihii. Wazee wa kanisa walimwita hakufika, wakanipa barua Machi mwaka jana, lakini karani wa mahakama anasema barua hiyo haitoshi. Cheti cha ndoa anacho mume wangu. Naomba uniongoze.

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana kwa yaliyokufika. Karani amekueleza sawasawa. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza mtu kuomba talaka mahakamani kabla mgogoro haujapelekwa mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na baraza hilo likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kifungu cha 106 kinataka uthibitisho huo uambatane na maombi yako, nao uwe umetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kuyawasilisha. Barua ya wazee, hata kama imegongwa mhuri wa usharika, haina nguvu hiyo isipokuwa kama chombo chao kimeteuliwa rasmi kuwa baraza la usuluhishi. Na hata kingekuwa kimeteuliwa, barua ya Machi mwaka jana imekwisha kupitwa na muda.

Ninasisitiza jambo hili kuliko mengine yote, kwa sababu Mahakama ya Rufani imewahi kubatilisha mwenendo mzima wa shauri la talaka kwa kukosekana kwa uthibitisho wa baraza, na wahusika wakajikuta bado ni mume na mke baada ya kusumbuka ngazi zote za chini. Nenda basi katika ofisi ya kata, ueleze mgogoro wako na uombe mumeo aitwe kwa maandishi. Akikaidi wito kwa makusudi, sheria inakuruhusu kuendelea mahakamani, lakini ukaidi huo lazima uuthibitishe. Kwa hiyo liombe baraza liandike tarehe za wito na jina la aliyeupokea. Usiondoke na barua ya kawaida tu. Omba hati ya baraza iliyojazwa katika fomu yake, inayotaja matokeo ya usuluhishi, yenye sahihi na mhuri.

Cheti cha ndoa kisikukoseshe usingizi. Nakala iliyothibitishwa inakubalika kama ushahidi, nawe unaweza kuiomba RITA, wakala wa serikali unaosajili ndoa, vizazi na vifo, kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ukianza kwa kupata kumbukumbu zako katika daftari la usharika mlikofungia ndoa. Ongeza vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Hati ya maombi yenyewe itaje ndoa ilifungwa lini na wapi, majina, umri na jinsia ya watoto, mashauri ya ndoa yaliyowahi kufunguliwa kati yenu kama yapo, sababu za kudai kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na nafuu unazoomba. Unaweza kuifungua katika Mahakama ya Mwanzo, na sharti la ndoa kutimiza miaka 2 halikugusi.

Sheria inataka pia ueleze mapendekezo yako kuhusu matunzo na mgawanyo wa mali, na hapa ndipo wanawake wengi wa huku kwetu wanapoandika mstari mmoja tu, "naomba tugawane mali", kisha wakaumia. Jina la mumeo kwenye hati halifungi mlango. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983 katika shauri la Bi. Hawa Mohamed, kazi za nyumbani nazo zinahesabika kuwa mchango. Taja shamba lilipo, ekari zake, mwaka lilipopandwa na hali ya miti. Kusanya mkataba wa ununuzi uliopitia serikali ya kijiji, stakabadhi za miche, daftari la malipo ya vibarua wa palizi na wa kusafisha barabara za moto (njia za kuzuia moto usiingie shambani), pamoja na majina ya majirani wa shamba waliokuona ukifanya kazi. Kwa kuwa miti huweza kuuzwa ikiwa imesimama, omba pia, mara tu unapofungua shauri, amri ya kumzuia mumeo asiiuze wala kuivuna hadi uamuzi utolewe.

Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, waulize ofisi ya Maendeleo ya Jamii katika halmashauri wakuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, ambao hutoa huduma hii bure. Unapowasilisha, toa nakala ya kila hati kwa ajili ya mahakama, mumeo na wewe mwenyewe. Ya kwako igongwe mhuri wa mapokezi, na hati halisi zibaki mikononi mwako hadi siku ya kutoa ushahidi.