Mzazi Aliyemsahau Mtoto Garini: Ni Muuaji?

SWALI: Assalamu alaykum. Nyumbani tulizungumza habari za yule baba wa jimbo la Georgia, Marekani, ambaye mwaka 2014 alikwenda kazini akamwacha mwanawe wa miezi 22 ndani ya gari kwa takriban saa saba, mtoto akafa kwa joto. Kaka yangu ameshikilia kwamba mzazi hamsahau mtoto wake, na anayedai kusahau ni mwongo na muuaji. Mume wangu anasema ni kadari ya Mwenyezi Mungu, hakukuwa na haja ya kumshitaki. Tumebishana mpaka chakula kikapoa. Nani ana haki?
Mama wa watoto watatu, Chake Chake, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, dada yetu. Kesi hiyo iliwagawa hata majaji. Mwaka 2016 jopo la raia lilimtia hatiani kwa mauaji, akahukumiwa kifungo cha maisha; mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Georgia ikaifuta hatia hiyo kwa wingi wa kura, kwa sababu jopo lilielezwa kwa kirefu mno habari za wanawake aliokuwa akiwasiliana nao nje ya ndoa, habari ambazo ziliweza kuwafanya wamchukie lakini hazikuthibitisha kwamba alikusudia kumuua mwanawe. Mwaka uliofuata waendesha mashitaka waliliacha shitaka la mauaji. Namwomba kaka yako alizingatie hilo.

Kusahau kupo, na zaidi ya nusu ya vifo vya aina hii Marekani hutokana na kusahau. Mtu anayepita njia ile ile kila asubuhi huongozwa na mazoea; siku moja utaratibu ukibadilika, mtoto aliyezoea kupelekwa na mama akapelekwa na baba, akalala kimya kiti cha nyuma, akili humwonesha mzazi kwamba ameshamfikisha.

Mumeo naye sikubaliani naye kikamilifu. Aya ya 92 ya Surat An-Nisaa inamtenga aliyeua kwa kukosea na aliyekusudia, lakini aliyekosea haimwachi aende zake: kuna diya, yaani fidia kwa jamaa za marehemu, na kuna kafara. Kadari haifuti wajibu.

Hatia mimi naiona kwa anayejua. Hapa kwetu Unguja, mchana wa kaskazi mwezi wa Februari, pitia Darajani utazame magari yaliyoegeshwa: kioo kimeshushwa vidole viwili, mtoto amelala, jasho limemlowesha nywele, na kibati cha mkanda kimepata moto kiasi cha kumchoma mtu mzima kidole. Mama ameingia dukani “mara moja tu” kutazama vitambaa. Gari lililofungwa likiwa juani huongezeka joto kwa takriban nyuzi 11 za selsiasi ndani ya dakika 10 za mwanzo, na ule upenyo wa kioo hausaidii kitu cha maana. Nje kukiwa na nyuzi 32, ndani zimeshafika 43, na mwili wa mtoto hupanda joto mara tatu hadi tano kwa kasi kuliko wa mtu mzima. Mama huyo hakusahau. Amechagua, na nasema hivi kwa uchungu kwa sababu tunamlaani baba wa Georgia huku hili tukiliona la kawaida.

Msiyasahau pia magari mabovu yanayokaa uani bila kufungwa, kwani watoto huingia wenyewe kucheza wakashindwa kutoka.

Italia imeweka sheria inayotaka gari linalobeba mtoto wa chini ya miaka minne liwe na kifaa cha kumkumbusha dereva. Nyinyi hamhitaji kusubiri sheria. Kubalianeni na mwalimu wa chuoni au wa skuli apige simu mtoto asipofika. Na kaka yako, kwa kuwa ana uhakika hawezi kusahau, mwombe awe wa kwanza kuiweka simu yake kiti cha nyuma, karibu na miguu ya mtoto, kabla ya kuwasha gari.