Kabla hujanunua ubao mama wa seva ya nyumbani, hesabu poti zake

Marehemu baba alituachia makasha mawili ya kanda za taarab na maulidi, nyingi amezirekodi mwenyewe harusini huko Ng'ambo. Nilipomaliza kuzihamishia kwenye kompyuta, nikaamua kuunda seva ya kuzihifadhi. Diski nilizichagua kwa uangalifu mkubwa. Ubao mama, ule unaounganisha sehemu zote za kompyuta, au madabodi kama wasemavyo mafundi, nikauchukua ule niliouona Darajani kwa bei nafuu. Hapo ndipo nilipokosea.

Ulikuwa na poti nne za SATA, za kuchomekea waya za diski, na tundu moja la M.2, la diski nyembamba inayopachikwa moja kwa moja ubaoni. Nikapachika diski nne, na ile ndogo ya M.2 kwa ajili ya mfumo. Diski ya nne haikuonekana. Nikabadilisha waya, nikabadilisha diski yenyewe, siku mbili zikapita. Jibu lilikuwemo kwenye kitabu cha maelezo, kwa herufi ndogo chini ya jedwali: ukiweka M.2 ya aina ya SATA, poti ya nne huzimwa, kwa sababu zote mbili zinatumia njia moja.

Tangu siku hiyo simchagulii mtu ubao bila ya kupakua kitabu chake na kulisoma jedwali hilo. Hesabu diski ulizonazo, ongeza mbili, kisha hakikisha ipo nafasi ya PCIe iliyo wazi, poti zikipungua upachike kadi ya kuongezea. Ubao mdogo wa Mini-ITX kwa kawaida huwa na nafasi moja tu. Kasha lako la kompyuta likienea, chukua Micro-ATX, ulio mkubwa zaidi.

Prosesa kubwa haina haja. Seva inakesha saa 24, na uniti za umeme za Tukuza unanunua wewe. Ubao wenye Intel N100, prosesa ya wati 6, unatosha kugawa mafaili ya nyumba nzima. Mimi nilitaka memori ya ECC, inayosahihisha makosa yake, kwa sababu kanda zile hazina nakala nyengine duniani. Nikaenda kwenye ubao wa AM4, tundu la prosesa za Ryzen za AMD. Ukifuata njia hiyo, ubao na prosesa vyote viwili lazima viikubali ECC. Ryzen za AM4 zenye grafiki ndani haziikubali, isipokuwa zile za PRO.

Halafu umeme. Tuliokuwepo Unguja tunalikumbuka giza la mwezi mzima la 2008, na lile la miezi mitatu lililoanza Disemba 2009. Weka UPS, betri inayoishikilia kompyuta umeme ukikatika, na kwenye bayosi, yaani mipangilio ya msingi ya ubao, washa mpangilio wa kompyuta kuwaka yenyewe umeme ukirudi. Nikiwa Chake Chake kwa shemeji, seva yangu ya Unguja huinuka bila ya kuguswa na mtu.

Bao nyingi huusahau mpangilio huo wa kuwaka yenyewe ikichoka betri ya CR2032, ile ndogo ya duara iliyo ubaoni, kwa hiyo ukinunua ubao wa mtumba, ing'oe betri pale pale dukani. Mulika kikalio chake kwa tochi ya simu, na pini za SATA pia. Hewa yetu ina chumvi: ukiona ukungu wa kijani kwenye shaba, urudishe ubao mezani.