Lini mwanafunzi wa famasia ajiite mtarajiwa wa PharmD

Aliyeuliza yuko mwaka wa kwanza katika chuo cha famasia nchini Marekani, amekwisha kuvishwa koti jeupe, na anataka kujua kama anaruhusiwa kuandika "mtarajiwa wa PharmD" (yaani wa shahada ya udaktari wa famasia) chini ya jina lake kwenye barua pepe na wasifu, au asubiri. Nilisoma hukohuko, na sasa nasimamia wanafunzi wa mwaka wa mwisho wodini, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona, likiwemo kosa langu mwenyewe.

Ugomvi wote unatokana na jambo moja: neno hili limeazimwa kwa watu wa PhD. Kwao halina utata, kwa sababu anayestahili kuitwa mtarajiwa ni yule aliyemaliza kozi, akafaulu mtihani wa kustahiki, akabakiwa na tasnifu. Famasia haina lango la namna hiyo katikati ya safari. Ndiyo maana wapo wanaosema kwamba kila aliyeandikishwa katika miaka minne ya kitaaluma ni mtarajiwa tangu siku ya kwanza, na wapo wanaoona kwamba jina hilo ni la mwaka wa mwisho tu, mwanafunzi anapofanya mizunguko ya mafunzo kwa vitendo ambayo, kwa viwango vya ACPE, baraza linaloidhinisha programu za famasia Marekani, haipungui saa 1,440. Vyuo vingine vimeliandika jambo hili katika kitabu cha kanuni, na chuo chako kikiwa kimeliandika, fuata hayo, si maoni yangu.

Maoni yangu ni ya kundi la pili, na sababu ni hii. Nikiwa mwaka wa pili niliandika jina langu, kisha PharmD kwa herufi nzito, na neno "mtarajiwa" nikaliweka mstari wa chini kwa herufi ndogo. Muuguzi mmoja wa kliniki nilikokuwa nikijitolea aliniuliza kwa barua pepe kipimo cha enoksaparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa mgonjwa mwenye damu iliyoganda mguuni. Nilimjibu kile nilichokuwa nimekikariri, yaani miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku, bila kuuliza hali ya figo. Figo za mgonjwa huyo zilikuwa zikichuja chini ya mililita 30 kwa dakika, na mtu wa hali hiyo hupewa kipimo hicho mara moja tu kwa siku. Muuguzi alinakili jibu langu pamoja na mstari wa juu wa jina, akampelekea daktari na maneno "mfamasia amesema". Msimamizi wangu aliliona kabla dawa haijatolewa. Nilitarajia anigombeze kuhusu figo, lakini alifungua ile barua pepe kwenye skrini, akaweka kidole juu ya zile herufi nzito, akaniuliza, "Huyu dada alidhani anaongea na nani?" Sikuwa na jibu.

Tangu hapo kipimo changu kimekuwa kimoja: je, mtu asiyejua utaratibu wa vyuo vyetu, akisoma haraka, ataelewa kwamba mimi bado mwanafunzi? "Mwanafunzi wa famasia, mwaka wa kwanza" haina mkanganyiko wowote. Kifupisho cha PharmD kikifuatiwa na herufi c ndogo kwenye mabano, ya neno la Kiingereza "candidate" (mtarajiwa), ni kibaya kuliko vyote, kwani nje ya vyuo hakuna anayejua c hiyo ni ya nini. Ukifika mwaka wa mwisho, andika maneno kamili, yote kwa ukubwa mmoja, pamoja na mwaka unaotarajia kuhitimu. Kwenye wasifu, hasa unapoomba nafasi ya mafunzo ya baada ya shahada, hakuna atakayekulaumu.

Waliojiunga na programu za miaka sita wakitokea sekondari wana jambo la ziada: miaka miwili ya mwanzo ni ya matayarisho, na katika miaka hiyo cheo hiki hakiwahusu hata kwa tafsiri iliyo pana kuliko zote. (Waliolitumia bila shaka yoyote, kwa maoni yangu, ni wafamasia wa zamani wenye shahada ya kwanza na leseni, waliorudi darasani kuitafuta PharmD baada ya kuwa ndiyo shahada ya kuingilia taaluma chini ya viwango vya ACPE vilivyoanza kutumika mwaka 2000. Hao walikuwa wafamasia kamili, na kilichokuwa kikitarajiwa ni shahada tu.)

Mbele ya mgonjwa mambo ni tofauti kabisa, kwa sababu hapo kuna sheria. Neno "mfamasia" linalindwa na sheria za kila jimbo, na bodi ya famasia ya jimbo ndiyo inayokupa leseni ya mfamasia tarajali, yaani anayejifunza kazi chini ya msimamizi. Cheo cha utarajiwa ni cha chuo na hakikupi ruhusa ya kumshauri mtu juu ya dawa. Leseni ya tarajali, chini ya msimamizi, ndiyo inayokupa. Kwa hiyo beji iseme mwanafunzi au tarajali kama jimbo linavyoagiza, ujitambulishe hivyo kwa mdomo, na unachoandika kwenye faili la mgonjwa kisainiwe pia na msimamizi.

Utarajiwa unakoma siku shahada inapotunukiwa, na hapo wengi hujikwaa upande wa pili. Wewe sasa ni PharmD, lakini hujawa mfamasia mpaka ufaulu NAPLEX, mtihani wa leseni ya wafamasia, na mtihani wa sheria unaotakiwa na jimbo lako, kisha leseni itoke. Katika wiki hizo za kusubiri niliandika jina langu, PharmD, na chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule, "mfamasia tarajali", kwa kuwa leseni niliyokuwa nayo mfukoni ilikuwa hiyo.