Ngumi peke yake hazitoshi ulingo wa UFC
Ndugu yangu, umeuliza kama bondia aliyebobea anaweza kuingia UFC, mashindano ya mapigano yanayoruhusu ngumi, mateke na mieleka, na kushinda kwa ngumi tu. Tazama pambano la bondia James Toney na Randy Couture, mpiganaji wa UFC aliyetokea kwenye mieleka, lililofanyika Boston, Marekani, mwezi Agosti 2010. Toney alikuwa amewahi kuwa bingwa wa dunia wa ndondi katika uzani zaidi ya mmoja, na Couture alikuwa na umri wa miaka 47, lakini mara tu pambano lilipoanza Couture aliinama chini kabisa, akaudaka mguu mmoja karibu na kifundo, akamwangusha bondia yule kabla hajapata nafasi ya kurusha ngumi ya maana. Huko chini Toney hakuwa na jibu, na raundi ya kwanza haikuisha kabla hajakabwa kabari na kusalimu amri. Sisi tuliozoea kupigana kwa kusimama husahau upesi kwamba nguvu ya ngumi huanzia miguuni, kwa hiyo ukilazwa chali huna tena silaha yako. Simdharau Toney hata kidogo, kwani kwa kanuni za ndondi sioni Couture angemaliza vipi raundi 12 mbele yake. Bondia anayetaka kuvuka upande ule aanze na mieleka, tena kwa miaka.