Boti ya mkopo kwa watalii wa meli, Tanga

Mdogo wangu, umeuliza kama ukope benki ununue boti ya kuwapeleka watalii wa meli Kisiwa cha Toten, na kama meli hizo zitaharibu bahari tunayovua.

Mkopo, subiri kwanza. Mgeni wa meli analala humo, anakula humo, na matembezi ya nchi kavu mara nyingi ameshayalipia melini. Asubuhi kashuka, jioni kaondoka. Rejesho la benki halingoji meli. Anza na boti ya kukodi, uwalenge pia wanaokuja kwa barabara kuona mapango ya Amboni. Hao hulala mjini na pweza wetu wanamla.

Bahari ndiyo inayoniumiza moyo. Meli ikitia nanga kwenye matumbawe, mnyororo unasaga kilichoota miaka na miaka. Ikiwa gatini bila umeme wa nchi kavu, injini huunguza mafuta ili taa na viyoyozi visizimike, na moshi tunauvuta sisi. Mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, MARPOL, unaruhusu hata maji ya choo yasiyosafishwa kumwagwa zaidi ya maili 12 za baharini kutoka pwani. Na hapa tuna hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki wa kale na adimu, tangu 2009! Italia ilizizuia meli kubwa kupita mbele ya uwanja wa San Marco, mjini Venice, mwaka 2021, baada ya wenyeji kulalamika kwa miaka.

Sizikatai, ila nataka ziwe ndogo na zifunge gatini. Kwenye kikao cha BMU yenu, kikundi cha wavuvi cha kusimamia pwani, ulizeni bandari mapema: zitatia nanga wapi, na taka zake atapokea nani?