Dada yangu mnene hana kisukari, mbona mimi ninacho?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, nina miaka 44, na mwezi uliopita niliambiwa nina kisukari cha aina ya pili. Nina kitambi, lakini mikono na miguu yangu ni ya mtu mwembamba. Dada yangu wa tumbo moja ananizidi zaidi ya kilo 20, amejaa nyonga na mapaja, na kila akipimwa sukari yake iko sawa. Je, kisukari hakiletwi na unene?

JIBU: Marahaba, Mwalimu, na pole kwa mshtuko huo. Unene huchangia sana, lakini jambo kubwa zaidi ni mahali ambapo mwili huyaweka mafuta yanayozidi.

Ndani ya tishu ya mafuta zimo seli changa zinazoweza kukomaa na kuwa seli za mafuta. Chakula kikizidi, mwili ama hukomaza seli mpya, ama huzijaza zaidi zile zilizopo. Fikiria mkulima aliyevuna mahindi mengi: mwenye magunia ya kutosha huyagawa vizuri, ila mwenye machache hushindilia mpaka mshono unaachia na punje zinamwagika sakafuni. Seli ya mafuta iliyotanuka kupita kiasi hukosa oksijeni ya kutosha, huvuta chembe za kinga zinazowasha uvimbe, hupunguza kutoa adiponektini, ambayo ni homoni inayousaidia mwili kuitikia insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu), na mafuta yaliyokosa nafasi hupita katika damu na kujikusanya kwenye ini na misuli. Basi ini huendelea kumwaga sukari ingawa insulini imeliamuru liache, na misuli nayo huipokea sukari kwa shida. Huo ndio usugu wa insulini. Huenda dada yako ana magunia ya kutosha nyongani na mapajani, na wewe una machache.

Ushahidi unaonishawishi kuliko wote ni wa watu waliozaliwa karibu bila seli za mafuta, hali iitwayo lipodistrofi: ni wembamba, lakini usugu wao wa insulini ni mkali mno. Kwa upande mwingine, dawa ya kisukari iitwayo pioglitazoni huchochea seli mpya ndogo kukomaa, na mgonjwa huweza kuongezeka uzito huku sukari yake ikishuka. (Usiitafute dukani kwa sababu hiyo, haimfai mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri.)

Mwaka 2008 watafiti wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden walionyesha kwamba idadi ya seli hizi kwa mtu mzima haibadiliki sana, na takriban asilimia 10 hufa na kubadilishwa kila mwaka. Ukipungua uzito, seli husinyaa tu, lakini kusinyaa huko kunakufaa sana, kwa maana mafuta ya ini huwa miongoni mwa ya kwanza kupungua. Anza kwa kutembea kwa kasi dakika 30, siku 5 kwa wiki, punguza wali, ugali na soda, na dawa ulizoandikiwa usiziache.

Dada yako naye aendelee kupimwa kila mwaka, kwa kuwa magunia yake pia yana kikomo.